Simu Inasoma Jani, Mzizi Haiuoni: Ufafanuzi kwa Wakulima wa Muhogo Kabla ya Masika

Masika yanakaribia na vipando, vile vipande vya shina tunavyopanda kama mbegu ya muhogo, vimeanza kukatwa. Kitengo chetu cha ugani chuoni nacho kimeanza kupokea malalamiko ya wakulima wa muhogo wa ukanda wa Pwani. Safari hii mengi yanafanana: "Simu ilisema mmea mzima, nimevuna mizizi imeoza." Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba Nuru, programu ya simu inayotambua ugonjwa wa muhogo kwa picha ya jani, ni majaribio ya vyuo vikuu yanayofanywa migongoni mwa wakulima. Kwa kuwa wengi wanakaribia kupanda, tumeona ni vyema kulifafanua jambo hili sasa, kabla makosa yaleyale hayajarudiwa msimu mwingine.

Tuanze na asili yake. Nuru ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kupitia mradi wake wa PlantVillage, kwa kushirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, IITA, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Lakini picha ambazo watafiti hao walianza kuzitumia kuifundisha kompyuta kutambua muhogo mgonjwa zilipigwa hapahapa, katika mashamba ya majaribio ya IITA nje ya mji wa Bagamoyo. Kwa hiyo anayesema ni kitu cha ughaibuni kisichoujua muhogo wetu amekosea. Majani iliyojifunzia ni ya Pwani, magonjwa ni ya Pwani, na ukishaipakua inafanya kazi shambani bila intaneti na kwa Kiswahili.

Jirani zetu wa Uganda nao wamefanya kazi ya namna hiyo. Chuo Kikuu cha Makerere na kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge walikusanya picha 21,367 za majani ya muhogo, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe mashambani mwao. Wataalamu wa Namulonge wakazipitia na kuandika kila jani lina nini. Nalitaja hili ili ieleweke kwamba kazi ngumu katika teknolojia hii ni ya macho ya watu wanaoujua ugonjwa. Kompyuta inarudia kile ilichofundishwa na watu hao.

Sasa tuje kwenye usahihi, maana hapa ndipo wengi wanapopotoka. Mwaka 2017 watafiti wa mradi wa PlantVillage walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kompyuta ilipatia kwa jumla asilimia 93 ya picha ambazo haikuwahi kuziona. Takwimu hiyo ndiyo inayosambazwa. Isiyosambazwa ni ile ya utafiti uliochapishwa mwaka 2020, baada ya Nuru kupimwa dhidi ya watu. Nuru ilipatia kwa asilimia 65. Maofisa ugani walikuwa kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Ilipopewa majani sita ya mmea mmoja badala ya jani moja, usahihi wake ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88.

Naomba takwimu hizo zisomwe kwa utulivu. Programu inawashinda maofisa ugani kwa kutazama majani, na hilo si la kuonewa aibu. Ni sababu nzuri ya ofisa ugani kuwa nayo mfukoni. Hata hivyo, kwa jani moja inakosea takriban mara moja katika kila tatu. Na hata ukifuata utaratibu wote wa majani sita, mimea 12 hadi 26 katika kila 100 inaweza kusomwa visivyo. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja ina mimea kama 4,000. Aliyepima mmea mmoja kando ya njia, kwa jani moja, kisha akatangaza kijijini kwamba shamba lake ni safi, hajapima kitu. Ni sawa na kushika paji la uso la mtoto mmoja ukasema darasa zima halina homa.

Utaratibu ni huu, na tunaomba ufuatwe wote. Tembea shambani kwa mstari wa zigizaga, usibaki pembezoni. Chagua mimea 30 au zaidi bila kupendelea yenye afya wala iliyodumaa. Kwa kila mmea pima majani sita: mawili ya juu, mawili ya katikati, mawili ya chini. Tunasisitiza ya chini kwa sababu magonjwa makuu ya muhogo ni mawili, batobato na michirizi ya kahawia, na hayaonekani mahali pamoja: batobato hujionyesha zaidi kwenye majani machanga ya juu, ambayo hujikunja na kuwa na mabaka, ilhali michirizi ya kahawia huanza kwenye majani yaliyokomaa ya chini. Jani la michirizi halijikunji. Linabaki na umbo lake zuri, ila pembeni mwa vishipa vidogo pana umanjano uliofifia, ambao mkulima mwenye haraka huuchukulia kuwa ni uzee wa jani. Futa lenzi ya kamera kwa kitambaa safi, shika jani lisipeperuke, jani moja tu ndani ya picha, na usipige picha jua la utosi likimulika jani moja kwa moja. Andika matokeo ya kila mmea kwenye daftari. Wakati mzuri ni muhogo ukiwa na miezi mitatu hadi sita. Ukisubiri kiangazi kikali, mmea unakuwa umepukutisha majani yake ya chini, na dalili ulizokuwa unazitafuta zimeshaanguka chini pamoja nayo.

Na hapa ndipo lilipo jibu la lile lalamiko kuu. Michirizi ya kahawia inaweza kuwa ndani ya mzizi wakati majani yanaonekana mazuri kabisa. Zipo aina za muhogo zinazoonyesha dalili kidogo sana kwenye majani na kuoza chini, na zipo zenye majani mabaya na mizizi inayofaa kuliwa. Hakuna kamera ya simu inayoona chini ya udongo. Ukitaka kujua hali ya mzizi, ung'oe. Kata mzizi vipande vya mduara, kila baada ya sentimita chache, kuanzia kichwani hadi mkiani, maana kuoza kunaweza kuwa mahali pamoja tu na nje ganda likawa halina doa. Mzizi mgonjwa una sehemu kavu, ngumu, za rangi ya kahawia au manjano iliyokolea, zilizojitenga na nyama nyeupe. Wakati mwingine mzizi umebanwa katikati kama uliofungwa kamba. Ng'oa mimea michache sehemu mbalimbali za shamba kabla ya kuamua kwamba mashina yake yatakuwa mbegu. Mtu anayeona uchungu kupoteza mimea kumi kwa ukaguzi hana budi kujiuliza kuhusu ile 3,990 iliyobaki.

Ugonjwa huu wa michirizi si mgeni wala haukuletwa na simu. Mtafiti H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara. Unasababishwa na virusi, na kwa hiyo hauna dawa. Tumelisema hili katika kila mafunzo na bado tunaulizwa ni dawa gani ya kupuliza Nuru ikitaja michirizi. Hakuna. Mbolea haiutibu, majivu hayautibu, na kiuatilifu kinachouzwa kwa jina la dawa ya michirizi kinakupotezea fedha. Inzi weupe ndio wanaobeba virusi hivyo kutoka mmea hadi mmea, lakini virusi vya michirizi havikai ndani ya inzi kwa muda mrefu, hivyo yeye huvieneza umbali mfupi tu. Vinaposafiri kutoka wilaya hadi wilaya, mara nyingi vinapanda bodaboda na malori, ndani ya mafungu ya vipando tunavyopeana kwa wema kati ya ndugu na majirani.

Hilo ndilo jambo moja tunalotaka lieleweke: ukishapanda kipando chenye virusi, programu itakupa habari ya hasara ambayo umeshaipata. Kazi yake yenye faida kubwa ni kukusaidia kukataa mbegu mbaya na kung'oa mimea michache yenye dalili mapema.

Mbegu safi hupatikana kwa utaratibu. Vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, hasa Kibaha na Naliendele kwa ukanda wetu, ndivyo vinavyozalisha na kutunza aina zinazostahimili. Kiroba inafahamika na wengi Pwani kwa kustahimili michirizi. Kustahimili maana yake ni kwamba unaweza kuugua na bado ukavuna, hivyo hata Kiroba inahitaji mbegu safi. Kutoka vituoni mbegu huenda kwa wajasiriamali wa mbegu waliosajiliwa, ambao mashamba yao hukaguliwa chini ya Taasisi ya Uthibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI. Kwa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, zile zinazozalishwa na wakulima karibu nasi, wanaokagua ni wakaguzi walioidhinishwa katika ngazi ya halmashauri. Mzalishaji anatakiwa aombe ukaguzi, aonyeshe chanzo cha mbegu yake na akubali shamba likataliwe likionekana na ugonjwa kupita kiwango. Mnunuzi una haki ya kuuliza mambo matatu: cheti cha usajili, taarifa ya ukaguzi wa shamba hilo kwa msimu huu, na lebo kwenye mzigo. Picha ya Nuru iliyohifadhiwa kwenye simu ya muuzaji haichukui nafasi ya lolote kati ya hayo. Tumesikia kwamba inatumika kama cheti. Si cheti.

Kuuza mbegu bila kufuata Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 na marekebisho yake ni kosa la jinai, na adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili. Muuzaji asijitetee kwamba "ni miti tu ya shambani kwangu". Ikiuzwa kwa ajili ya kupandwa ni mbegu, na inaangukia kwenye sheria. Masuala ya kudhibiti magonjwa ya mimea kwa ujumla yako chini ya Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020, iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Ukiona ugonjwa usioufahamu, mpigie ofisa ugani wa kata kwanza. Yeye ndiye atakayeufikisha unakostahili.

Liko suala la mwisho, nalo linatukwamisha. Wanafunzi wetu wanapokwenda vijijini kupiga picha za majani, baadhi yao wanafukuzwa kwa tuhuma kwamba wanapima ardhi ili ichukuliwe. Ndugu zangu, ardhi haipimwi kwa picha ya jani. Upimaji una mpimaji aliyesajiliwa, una mawe ya mipaka na majirani mnaoitwa kushuhudia. Hofu hii imeturudisha nyuma, kwa sababu kijiji kisichopigwa picha ndicho ambacho majani yake kompyuta haitayajua.

Pamoja na hayo, tahadhari yenu ina msingi, kwani picha inaweza kuhifadhiwa pamoja na mahali ilipopigwa, na jina na namba ya simu yako ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya akueleze anakusanya nini na kwa kazi gani, kabla hajachukua. Anayezitoa taarifa hizo kinyume cha sheria anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni au shirika faini ni kuanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Mwanafunzi anayekuja shambani kwako lazima awe na kitambulisho cha chuo na barua ya utambulisho iliyopitia halmashauri na kumfikia mtendaji wa kijiji. Mtafiti wa kigeni lazima pia awe na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Asiye na karatasi hizo mpeleke kwa mtendaji kwa heshima. Aliye nazo muulize maswali yako yote, na ukikubali, muonyeshe na ile mimea mibaya. Wengi wanawapeleka wageni kwenye upande mzuri wa shamba, na picha za majani yenye afya tunazo za kutosha.

Wanaohitaji vipando kwa masika haya waagize sasa. Mmea mmoja wa muhogo hutoa vipando kama kumi tu, kwa hiyo wazalishaji waliosajiliwa huishiwa mapema. Orodha yao ombeni kwa ofisa kilimo wa halmashauri yenu, na mkienda kununua chukueni kisu: kateni mzizi wa shamba lile la mbegu mbele ya muuzaji kabla ya kulipa.