Je, wajua kwa nini mbao inakutolea macho?

Umelala chali unaangalia dari ya mbao, usingizi hauji, mara unashtuka kumbe kuna bundi pale juu anakukodolea macho, na pembeni yake kuna mzee wa ndevu amenuna sijui kakosewa na nani. Kuanzia siku hiyo umekwisha, hata ukitaka kuona mbao tupu huwezi, bundi yupo tu. Sasa wametoka wapi hawa?

Tuanze na mti wenyewe, maana nao una makosa yake. Yale macho ni matawi. Mti unanenepa kwa kuongeza tabaka jipya la mbao kwa nje, na kadiri unavyonenepa ndo unalimeza shina la tawi taratibu, kwa hiyo msumeno ukipita hapo unalikata lile tawi na linatokea duara, ndo kifundo chenyewe. Nyuzi za shina nazo inabidi zikizunguke kama maji ya mto yanavyolikwepa jiwe, na huo mzunguko ndo unachora kope na nyusi bila mtu kutumwa. Tawi likiwa lilishakufa kabla ya kumezwa ndo balaa, linamezwa na gome lake na haligandi na mbao mpya, unabaki mstari mweusi kuzunguka kifundo utadhani kapakwa wanja. Vya hivyo wakati mwingine vinadondoka kabisa, jicho linabaki tundu.

Na kwa nini yanakuja mawili mawili? Angalia msonobari, matawi yake yanatoka kwa mafungu, kadhaa kwenye usawa mmoja wa shina, basi ubao mmoja unaweza kubeba vifundo viwili bega kwa bega, hapo nani atabisha kwamba sio sura? Ndevu na miali ya moto ni zile pete za ukuaji, sehemu nyeupe na nyeusi zikipishana, ambazo zikikatwa kwa ubapa zinatoa vilima vilima. Halafu kuna mafundi wanachukua magamba mawili membamba ya mbao yaliyofuatana wanayafungua kama kitabu, kushoto na kulia vinafanana kabisa, hapo ndo vipepeo na vinyago vinajaa mlangoni.

Lakini mti haujui bundi ni nini, wewe ndo unajua. Hali hii ya kuona sura mahali pasipo na sura inaitwa pareidolia. Mwaka 1997 mtafiti wa ubongo Nancy Kanwisher na wenzake walieleza sehemu ya chini ya ubongo inayochangamka zaidi ikiona sura kuliko ikiona vitu vingine, na hata kichanga aliyezaliwa muda si mrefu anapenda kufuatisha kwa macho mchoro unaofanana na sura. Ubongo unahitaji kidogo sana, madoa mawili juu na kitu chini yake, basi umeshahukumu. Wengi wanasema ni kwa sababu kuona mtu asiyekuwepo hakukugharimu kitu, ila kutomwona aliyekuwepo, we!

Ndo maana mwaka 1976 chombo cha Viking 1 kilipopiga picha ya mlima kwenye sayari ya Mirihi watu wakaona uso wa binadamu, wengine wakaanza na hadithi za majengo, kumbe ni kivuli tu, picha safi zaidi za 1998 na 2001 zilionyesha kilima cha kawaida.

Na yule mzee wa ndevu, umejiuliza kwa nini sio bibi? Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2022 uliona kwamba sura za namna hii watu wanaziita za kiume mara nyingi kuliko za kike, hata pale ambapo hakuna ndevu yoyote.

Ukitaka kumwondoa bundi mpige picha halafu geuza simu juu chini, ubongo unasoma vibaya sura zilizopinduka, mara nyingi anarudi kuwa vifundo viwili na ufa. Ila usishangae kama huko juu chini utamkuta mbuzi.