Kondoo Wakitupa Mimba, Usikimbilie Kisu

Mwishoni mwa 2020, wakati redio zote zilikuwa zikizungumzia korona, nilipigiwa simu na mfugaji mmoja wa upande wa Isiolo. "Daktari, kondoo wanatupa mimba. Tangu juzi ni kumi na wanne." Kabla sijawasha gari nilimuuliza swali moja tu: mbu wapo? Akajibu, "Hata hatulali."

Mvua imenyesha ikapitiliza, mbu wamefurika, kondoo wanatupa mimba kwa mkupuo na wachanga wanakufa. Kwetu sisi madaktari wa mifugo wa kaskazini mwa Kenya, hiyo ni homa ya Bonde la Ufa mpaka maabara iseme vingine. Wafugaji wa Kisomali huiita sandik, kwa ile damu inayotoka puani mwa mnyama. Katika mlipuko wa 2006 na 2007 waliitambua mapema kuliko sisi tuliosomea.

Korona ilitufunza kuogopa pumzi ya mtu. Virusi vya homa ya Bonde la Ufa havina njia hiyo. Hakuna ushahidi kwamba mtu anamwambukiza mwenzake. Mbu wanaweza kumwambukiza binadamu, ndiyo, lakini watu wengi huvipata kwa kushika damu na viungo vya mnyama mgonjwa. Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Mimba iliyotoka, kondo la nyuma na yale majimaji vimejaa virusi. Ukimsaidia kondoo kuzaa mikono mitupu, mchubuko mdogo kidoleni unatosha. Ukipasua mzoga, au mnyama akichinjwa, matone laini ya damu huruka hewani usiyaone, ukayavuta au yakakuingia machoni.

Hatari hii inajulikana tangu ugonjwa wenyewe ulipotambuliwa. Virusi viligunduliwa baada ya wana-kondoo kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, na watafiti Daubney, Hudson na Garnham wakachapisha maelezo yake mwaka 1931. Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Afrika Kusini, 1951. Kondoo walikuwa wakifa na kutupa mimba kwa maelfu bila ugonjwa kupewa jina. Madaktari wa mifugo na wasaidizi wao wakampasua fahali aliyekufa, kisha wakaugua wenyewe. Kuugua kwao ndiko kulikofanya ugonjwa utambuliwe. Walitafuta jibu ndani ya mzoga, likapatikana katika damu yao.

Ndiyo maana nasema kipindi cha hatari kubwa kwetu ni kile kabla mlipuko haujatangazwa. Ukishatangazwa kila mtu anavaa vifaa vya kinga. Kabla ya hapo ni ng'ombe mmoja aliyekwama ndama, saa tano usiku, mwenye ng'ombe anakushikia tochi na kukuomba umwokoe. Mwaka ule wa 2020 kinga zenyewe ziliadimika, glavu zikawa ghali, na sisi wa zizini tulikuwa wa mwisho kwenye foleni. Sikatai kwamba wauguzi walizihitaji. Lakini virusi havikusubiri korona iishe: mapema 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wagonjwa 32 wa homa ya Bonde la Ufa nchini Kenya, 11 wakiwa wamefariki, katika Isiolo, Garissa, Mandera na Murang'a. Mlipuko wa 2006 na 2007 ulikuwa umeacha wagonjwa 684 Kenya pekee, na vifo zaidi ya 150.

Kwa vijana wanaoingia kazini: glavu ndefu za kufika begani, na juu yake zile fupi. Miwani ya kinga, kwa sababu jicho ni mlango. Barakoa inayobana vizuri, buti za mpira, na aproni inayooshwa kwa dawa papo hapo, isirudi nyumbani na gari. Lakini kabla ya hayo yote jiulize kama kuna haja ya kupasua. Mara nyingi damu ya wanyama walio hai wenye homa inatosha kupeleka maabara. Na mzoga unaotoka damu puani unaweza pia kuwa wa kimeta, na huo haupasuliwi kabisa.

Kuna jambo jingine tunalolisema kwa shida kwa sababu linatuhusu. Sindano. Ukichanja kundi zima kwa sindano moja wakati virusi vimeshaingia, unavibeba wewe mwenyewe kutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine. Chanjo ni ya kabla ya mvua, utabiri unapotoka. Mbu wakishafurika, wafugaji watakusihi uchanje, nawe itakubidi ukatae mbele ya watu waliokuandalia chai.

Mimi niliambukizwa 2007. Nilimzalisha ng'ombe kwa glavu iliyopasuka nikajua imepasuka, nikaendelea. Siku ya nne nikashikwa na homa na maumivu ya mgongo. Katika zahanati niliyoenda nikapewa dawa ya malaria, na nilipoirudia nikapewa tena. Hakuna aliyeniuliza kazi yangu, nami sikusema. Homa ikaisha, nikashukuru. Wiki ya tatu jicho la kushoto likaingia ukungu katikati. Sura ya mtu nikawa naiona pembeni tu. Virusi hivi hufanya hivyo kwa wagonjwa wachache, hushambulia nyuma ya jicho. Ukungu umepungua, haujaisha. Herufi ndogo za chupa ya dawa nazisoma kwa jicho la kulia.

Siku hizi nikiugua, kabla hata ya kupimwa joto, namwambia daktari: mimi ni wa mifugo, na wiki hii nimeshika mimba iliyotoka. Mmoja aliweka kalamu chini, akavaa glavu, ndipo akaomba mkono wangu atoe damu.