Miss Piggy katika nukta nane

Wapo wanaonitumia picha za Pigs in Space, katriji ya mchezo iliyotoka mwaka 1983 kwa mashine ya michezo ya video ya Atari 2600, wakiniuliza kama yule kweli ni Miss Piggy, kikaragosi nguruwe wa kipindi cha televisheni cha The Muppet Show. Ndiye. Mimi huandika programu za mashine hii mpaka leo, kwa kujifurahisha tu, na kila nikiuona uso ule huwaonea huruma walioambiwa wauchore.

Kumbukumbu ya Atari 2600 ni baiti 128. Si kilobaiti, ni baiti. Meseji moja ya simu ya herufi 160 haienei humo. Picha nzima ya skrini haina pa kukaa, kwa hiyo programu huchora mstari mmoja mmoja, ikikimbizana na mwale wa televisheni unaochora picha kwenye skrini, na kila mstari hupewa mizunguko 76 ya prosesa. Ukichelewa, mchoro unavurugika. Vya kuchorea wahusika ni viwili tu, kila kimoja kina upana wa nukta nane na rangi moja kwa kila mstari. Haya, mtie humo Miss Piggy na nywele zake, pua yake na maringo yake yote.

Halafu kuna sauti. Katika The Muppet Show, iliyorekodiwa Uingereza na kurushwa kuanzia 1976 hadi 1981, nguruwe hawa wa angani, wa sehemu iliyoitwa Pigs in Space, walichekesha kwa kuongea. Waliowachezesha ndio waliowapa sauti: Jim Henson alimpa Kapteni Link Hogthrob, mkuu wa chombo chao, kiburi cha bosi asiyejua lolote; Frank Oz alikuwa Piggy. Kikaragosi kikinyamaza hubaki kitambaa, na Atari ina njia mbili za sauti zinazotoa milio na mingurumo basi.

Nionavyo mimi, waliotengeneza katriji hii walifanya jambo la busara: utani wakauhamishia kwenye mchezo wenyewe. Ndani mna michezo midogo inayodhihaki ile iliyokuwa ikivuma wakati huo, Space Invaders, Frogger na Vanguard. Link anapiga risasi kama kawaida, ila wanaoshuka kumvamia si viumbe wa anga za mbali kama wa Space Invaders, ni kuku! Mtoto aliyekwisha kucheza Space Invaders mpaka kidole kikafa ganzi hakuhitaji maelezo; alijua nani alipaswa kuwa pale juu. Kipindi chenyewe kiliwachekesha watu vivyo hivyo, kwa kuwapachika nguruwe katika tamthilia ya anga.

Na kuku wana faida nyingine ambayo mchezaji haioni. Chipu ya Atari inaweza kurudia mchoro mmoja mara tatu kwenye mstari uleule bila programu kuchora upya. Safu ya maadui wanaofanana ni kazi nyepesi kuliko uso mmoja wa Piggy unaotakiwa utambulike.

Kwenye sehemu ya Piggy hamu huniishia mapema. Ya kuku nimeicheza tena jana usiku.