Falaji ya Oman na ada ya maji ya kwetu

Tangu nirudi kutoka Oman, nilikokwenda kutazama falaji, yaani mifereji ya jadi ya maji ya kule, wenzangu wananiuliza zaidi habari za mahandaki, na ni haki yao. Falaji ya aina ya daudi huanzia kwenye kisima mama chini ya milima. Kutoka hapo maji hupita ndani ya handaki lenye mteremko mdogo mno, likiwa na matundu ya wima ya kuingizia hewa na kutolea udongo, hadi yachomoze juu ya ardhi karibu na mashamba. Pampu hakuna. Penye korongo, mafundi waliyashusha maji chini ya kitanda cha mto na kuyapandisha ng'ambo ya pili kwa nguvu ya msukumo wake yenyewe. Kama mhandisi wa umwagiliaji niliitazama kazi hiyo kwa heshima kubwa. Lakini katika miezi yote niliyokaa kule, lililonishika zaidi ni hesabu: maji ni ya nani, na mfereji analipia nani.

Muda mwingi niliumalizia Nizwa, kwenye Falaj Daris, na Birkat al-Mouz, kwenye Falaj Al-Khatmeen. Zote mbili ni miongoni mwa falaji tano zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Nchi nzima zipo takribani 3,000 zinazotoa maji mpaka leo. Maji yakichomoza, pa kwanza ni mahali pa kuteka ya kunywa, kabla mtu yeyote hajayagusa. Kisha huja msikiti na mahali pa kuoga, halafu mitende, na mwisho kabisa mashamba ya mazao ya msimu.

Shambani maji hugawanywa kwa muda. Kipimo ni athar, karibu nusu saa ya mkondo mzima. Familia humiliki athar zake, hurithishana, huuziana, hukodishana. Zamani mchana walifuata kivuli cha nguzo iliyosimikwa uwanjani na usiku walifuata nyota; siku hizi wengi wanatazama saa. Nilisimama na mzee mmoja kwenye mgawanyo akisubiri zamu yake. Ilipofika, alichomoa bamba la chuma mdomoni mwa mfereji wake, akalichomeka kwa jirani, akaziba nyufa kwa matambara na tope. Maji yakageuka. Alikuwa amezaliwa Unguja, na Kiswahili chake ni kile cha visiwani. "Mwanangu," akaniambia, "hapa hatugombani na mtu, tunagombana na saa."

Ubora wa mpango huo unaonekana ukame unapoingia. Mkondo ukipungua, athar ya kila mtu inapungua kwa kiwango kilekile, na wa juu hana nafasi ya kujaza shamba lake huku wa chini akikauka. Mashamba ya msimu yamewekwa pembeni kwa makusudi: mwaka mbaya huachwa bila kulimwa, mitende ikanusurika.

Kisha kuna jambo ambalo sikulitarajia. Falaji nyingi zina athar zake zenyewe, zisizo za familia yoyote. Hizo hupigwa mnada, na fedha huingia kwa wakili, yaani msimamizi wa falaji, kwa ajili ya kuzibua handaki, kuziba mipasuko na kuwalipa mafundi. Mfereji unajilipia kwa maji yake. Nilikaa kwenye mnada mmoja asubuhi, wanaume wamechuchumaa kwa duara, bei zikipandishwa kwa sauti ya kawaida tu. Na aliyenunua maji yale alitaka mfereji uwe mzima kuliko mtu yeyote.

Kwetu Tanzania mradi unajenga banio la kuchepushia maji ya mto, unasakafia mfereji, unakabidhi, kisha chama cha umwagiliaji kinaachiwa kudai ada ya maji. Aliye mwisho wa mfereji hapati maji, kwa hiyo halipi, na mimi simlaumu. Geti linaota kutu. Lower Moshi, skimu ya mpunga mkoani Kilimanjaro, ilikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, mifereji yake imenyooka kweli. Lakini wakulima wa juu walipoona mpunga unalipa nao wakafungua majaruba, na maji ya kufika skimuni yakapungua. Zege halikuwa na la kufanya.

Sisemi tuhamishe kila kitu. Oman maji yanaweza kutengana na ardhi, na asiye na athar hukodi daima. Sitaki kuona hayo milimani Pare. Visima vya pampu navyo vimeshusha maji ya ardhini na kukausha falaji kadhaa. Na kazi za shambani siku hizi nyingi hufanywa na vibarua kutoka Asia ya Kusini, kwa hiyo ujuzi wa bustani unawahama wenye maji.

Lakini zamu hatuhitaji kufundishwa. Wachaga wana mifongo, yaani mifereji yao ya asili, Wapare wana ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji usiku na kufunguliwa asubuhi, na wazee wa mfereji wanajua ya nani ni Jumanne na ya nani ni Alhamisi. Kinachokosekana ni siku ya mfereji wenyewe.

Hilo ndilo nililolipeleka kwenye kamati ya skimu moja wilayani Same: katika kila mzunguko, zamu moja iwe mali ya mfereji, ikodishwe hadharani, na fedha isitumike popote ila kwenye mfereji. Wakulima wa chini walikubali palepale. Wa juu wameuliza zamu hiyo itakatwa kwa nani. Nimewajibu kwamba itakatwa kwa wote kwa usawa, dakika kwa dakika, na sasa tunaandika upya orodha ya zamu, jina kwa jina, kabla ya mvua za vuli.