Presha ya kimiminika: tangi kubwa halileti presha kubwa

Kanieneo ni kani inayosukuma kila mita moja ya mraba. Mafundi huiita presha, na hapa tutaiita hivyohivyo. Katika kimiminika kilichotulia, presha huongezeka kadiri unavyoshuka, kwa kuwa tabaka la chini limebebeshwa uzito wa yote yaliyo juu yake. Kanuni: densiti (kilo kwa mita ya ujazo) mara 9.8 (mvutano wa dunia) mara kina (mita). Jibu huja kwa paskali, kipimo cha presha.

Densiti ya maji ni 1,000, basi kila mita ya kina inaongeza paskali 9,800. Mita 10 ni paskali 98,000, pungufu kidogo ya bar 1 (paskali 100,000).

Sasa tazama kisichomo kwenye kanuni: upana wa chombo hamna, lita hamna. Tangi la lita 500 na la lita 5,000, maji yakiwa usawa mmoja, yanatoa presha ileile. Chukua mnara wa mita 3, maji ndani ya tangi yamefika mita 1, na bomba la mvua limefungwa mita 2 kutoka ardhini. Kina kinachohesabiwa ni mita 2 tu: paskali 19,600. Ndiyo maana linachuruzika! Anayekimbilia kununua tangi pana zaidi anatupa pesa. Mnara ukiongezwa mita 2, presha inakuwa maradufu. Na hiyo ni ya maji yaliyosimama. Yakianza kutembea, bomba jembamba lenye kona nyingi huila sehemu yake.

Densiti nayo ina uzito wake. Kwa kina cha mita 10, mafuta ya taa (kama 800) yanatoa paskali 78,400, maji ya bahari (kama 1,025) paskali 100,450. Zebaki, yenye 13,600, inakaribia kiasi hicho cha maji ya bahari kwa sentimita 75 tu.

Mafundi ujenzi huitegemea kanuni hii kila wanapopima usawa wa msingi kwa mpira mwangavu uliojazwa maji: ncha zote mbili zikiwa wazi, maji husimama kimo kimoja. Povu la hewa likiziba mpira upande mmoja uliosimama wima, kipimo kimeharibika, maana hewa karibu haina uzito mbele ya maji. Povu la sentimita 5 huinua maji ya upande huo kwa karibu sentimita 5. Gongagonga mpira mpaka povu litoke, ndipo uweke alama.