Kipimo cha taa za LED kwa mawimbi hafifu ya redio

Kipimo hiki ni safu ya taa, kwa kawaida 10, zinazowaka moja baada ya nyingine kadiri mawimbi ya redio yanavyozidi nguvu. Ndani yake mna hatua tatu: kikuza mawimbi, dayodi inayoyageuza kuwa volti ya DC (umeme wa mkondo mmoja), na aisi (IC, saketi ndogo iliyofungwa pamoja) inayoamua taa ngapi ziwake.

Wengi hukosea mpangilio wa hizo mbili za kwanza. Hufunga dayodi kwenye antena, halafu hukuza DC inayotoka. Mawimbi ya −40 dBm (desibeli 40 chini ya milivati 1) kwenye ohm 50 yana kilele cha milivolti 3.2 tu, ilhali dayodi ya silikoni kama 1N4148 hutaka karibu volti 0.6 ndipo ifunguke sawasawa. Hata ya jemaniamu hutaka 0.2 hadi 0.3. Chini ya hapo dayodi hubana kwa mraba: mawimbi yakipungua mara 10, kinachotoka hupungua mara 100. Basi mawimbi yakuzwe yangali mawimbi. Desibeli 40, yaani volti mara 100, hupandisha milivolti 3.2 hadi 320, na hapo dayodi ya jemaniamu ina cha kushika.

MAR-6 (aisi ndogo za kukuza mawimbi ya redio) mbili mfululizo hutosha, kila moja ikitoa karibu desibeli 20. Kwa umeme wa volti 12, rezista ya ohm 560 huipa kila moja takriban mA 15. Usisahau kapasita ya kuzuia DC kabla, kati na baada yake. MAR-6 hukuza kila kitu, kwa hiyo bila kichujio mbele, kituo cha FM kilicho jirani kitakuwashia safu nzima.

Upande wa taa, LM3915 (aisi ya kuwasha taa) hupanda desibeli 3 kwa kila taa. Kilele chake, yaani volti inayowasha taa ya mwisho, kikiwa volti 1.25, taa ya kwanza huwaka kwenye milivolti 56 hivi, kwa hiyo DC ya dayodi bado itahitaji LM358 (aisi ya kukuza volti) ya kuikuza mara kadhaa. Rezista ya kilo-ohm 1.2 kutoka pini ya 7 hadi hasi, huku pini ya 8 nayo ikiungwa kwenye hasi, huipa kila taa karibu mA 10. Pini ya 9 ikiungwa kwenye ya 3, taa huwaka kama mstari. Ikiachwa wazi, huwaka moja moja.

Taa zote 10 zikilishwa volti 12, aisi hubeba karibu wati 1 na kuchemka. Zilishe volti 5.

Ukitaka kupima mawimbi kuanzia hafifu sana hadi yenye nguvu, tumia AD8307, aisi ya kupima mawimbi inayotoa milivolti 25 kwa kila desibeli. Ila hiyo imeshapiga logi yenyewe: iunge na LM3914, ambayo taa zake hupanda kwa hatua sawa za volti, si LM3915, la sivyo logi hupigwa mara mbili na taa za chini hurundikana. Kilele kikiwekwa volti 2.5, kila taa ni desibeli 10.

Taa zikiwaka bila antena, ziba ingizo kwa rezista ya ohm 50. Zisipozimika, kikuza kinazalisha mawimbi yake chenyewe: tenga ingizo na toleo kwa bati, fupisha miguu ya vipuri, weka nanofaradi 100 karibu na kila hatua.