Nguvu za mkono: tunavyodanganyana gym na ukweli wenyewe

Juzi jioni kwenye gym yetu ya mtaani huku Temeke, ile ya vyuma vya makopo ya rangi yaliyomwagiwa zege, jamaa mmoja kaja na dainamomita, kale kamashine ka kupimia nguvu ya kubana, unakashika kama unashika breki ya baiskeli unabana mpaka mwisho wa uwezo wako kanakuletea namba. Basi ikawa ligi. Kuna braza ana kifua kama kabati, kabana, kioo kikasoma 110, watu mayowe, maana wengine wote walikuwa 40 na kitu, 50 na kitu. Mi nikasema hebu lete nione, kumbe kuna mtu kagusa kitufe imehama kwenye kilo imeingia kwenye paundi! Paundi 110 ni kilo 50 hivi, basi. Braza kanuna mpaka leo.

Alafu akaja dogo mmoja mwembamba, mpagazi wa Kariakoo, kutwa yuko na viroba mgongoni. 56. Kilo kabisa sio paundi. Hapo ndo maneno yakaanza, ooh ana dawa huyu, ooh mashine mbovu.

Mashine haikuwa mbovu. Watu wanadhani mwili mkubwa ndo mkono wenye nguvu, na ni kweli urefu, uzito na ukubwa wa kiganja vinachangia, ila kifua na baiseps havibani kitu. Misuli mikubwa inayokunja vidole haipo hata kwenye vidole, ipo kwenye mkono hapa chini ya kiwiko, ishike kwa mkono wa pili alafu funga ngumi fungua ngumi, utasikia nyama zinatembea. Kutoka pale zinashuka kano mpaka kwenye vidole kama kamba ya kuvutia ndoo kisimani. Sasa mtu anayekamata pembe za gunia siku nzima anaifanyia kazi misuli ileile, wakati braza anasukuma benchi chuma kimelala tu kiganjani. Ukitaka kuamini zile kano, kunja kifundo cha mkono kwa ndani kabisa, kiganja kielekee kwako, alafu ukiwa hivyohivyo jaribu kubana kitu kwa nguvu. Haibani eeh? Misuli imeshajifupisha haina tena pa kuvutia.

Ndo maana hii ya "we bana tu, vyovyote" ni uongo mwingine. Pale gym mmoja kabana kasimama, mwingine mkono kaunyoosha chini, mwingine kaegemea ukuta anatetemeka mwili mzima, alafu tunalinganisha namba! Utaratibu unaotumika sana, wa wataalamu wa tiba ya mikono wa Marekani, unakaa kwenye kiti, miguu chini, bega limetulia ubavuni, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, kifundo kimenyooka au kimeinuka kidogo tu, unabana sekunde kama 3 mpaka 5, unapumzika, unarudia mara tatu wanachukua wastani. Waingereza wana wa kwao, mkono unalala kwenye mkono wa kiti, wanachukua namba kubwa kuliko zote. Hakuna wa kubishana nani kapatia, ila ukipimwa huku kwa njia hii na kule kwa njia ile usije ukasema umeshuka au umepanda. Na mshikio nao una kazi yake, dainamomita ya Jamar, ile inayotumia mafuta ndani ambayo mahospitalini wanaijua sana, ina nafasi tano za mshikio, na kawaida wanaweka ya pili, ukiweka pana sana kwa mwenye kiganja kidogo umemuonea. Ile ya mshale ndo ina mtego kabisa, mshale unabaki pale ulipofika, usipourudisha sifuri anayefuata akibana kidogo atasoma namba ya mwenzake. Hata kelele za "bana bana bana" zinabadilisha namba, kwahiyo kama wa kwanza kashangiliwa na wa mwisho kabana watu washaenda kunywa maji, hapo hamna shindano.

Mkono wa kulia nao usiuapie. Kwa wanaotumia kulia huwa unazidi kwa asilimia kama 10, ila mashoto wengi mikono yao inakaribiana, inawezekana ni kwa sababu dunia nzima imetengenezwa kwa ajili ya wa kulia na wanalazimika kutumia yote.

Sasa kuna hii iliyozunguka sana kwenye magrupu, eti ukiwa na gripu ndogo, yaani nguvu ndogo ya kubana, unakufa mapema, kwahiyo nunua kile kispringi cha kubana uishi miaka mingi. Imetokana na utafiti wa kweli, unaitwa PURE, matokeo yalitoka 2015 kwenye jarida la Lancet, watu karibu 140,000 kutoka nchi 17, na kila kilo 5 zilizopungua kwenye kubana ziliendana na ongezeko la kama asilimia 16 la hatari ya kufa kwa sababu yoyote. Ila soma vizuri, ZILIENDANA. Mkono ni dirisha tu, unachungulia misuli, lishe, magonjwa, umri, vyote kwa pamoja. Kubana kispringi kila siku wakati huli vizuri na hutembei ni sawa na mtoto ana homa we unachovya themomita kwenye barafu. Namba itakaa vizuri, mtoto bado anaumwa.

Inayoniuma zaidi ni ile ya "ni uzee tu". Nguvu ya kubana inafika kileleni kuanzia miaka ya ishirini na kitu hivi mpaka thelathini na kitu, kwa Waingereza wastani wa kileleni ni kama kilo 51 wanaume na 31 wanawake, baada ya hapo inashuka polepole, hiyo sawa. Lakini mama mdogo wangu wa Mbagala, mtu aliyekuwa anakamua tui la nazi tatu bila kuhema, akaanza kuwaita wajukuu wamfungulie chupa ya maji. Nyumbani wote wakasema mama umezeeka. Mi nikambana na maswali, akasema usiku kidole gumba na viwili vinavyofuata vinakufa ganzi mpaka anaamka anaukung'uta mkono. Jamani huo sio uzee, hiyo ni dalili kabisa ya neva inayobanwa kwenye kifundo! Inaweza kuwa pia baridi yabisi, kisukari, au mtu hali chakula cha kutosha. Tukampeleka hospitali, wakampima, mkono wa kulia kilo 14. Wataalamu wa Ulaya tangu 2019 wanasema mwanamke chini ya 16 na mwanaume chini ya 27 achunguzwe kama misuli inaisha, ingawa hizo namba zimepimwa kwa watu wa kwao, za kwetu usizichukue kama sheria.

Na usiseme umri umeshakwenda mazoezi hayasaidii. Mwaka 1990 huko Marekani kuna wazee wa miaka kama 90 hivi, dhaifu, walifanyishwa mazoezi ya uzito ya miguu wiki 8, nguvu za miguu zikaongezeka zaidi ya mara mbili. Miguu, sio mikono, ila misuli ni misuli.

Mama mdogo kapewa kibao cha kufunga kifundo usiku na mazoezi ya kwake, na mayai ambayo anadai ni ya wagonjwa. Jumapili nimeenda, kopo la asali kalifungua mwenyewe mbele yangu, alafu akaninyima.